Kumkalisha Mzee Si Kumkinga Asianguke

Mama mkubwa wangu alianguka saa nane za usiku, akitoka kitandani kwenda msalani. Hakuvunjika. Alichubuka kiwiko, akapata uvimbe juu ya nyusi, na asubuhi alipoulizwa alisema aliteleza tu. Sisi wanawe tulipigiana simu hadi jioni, tukafikia uamuzi ambao kila mmoja wetu aliuona ni wa upendo: mama asihangaike tena. Chakula aletewe. Maji ya kuoga apelekewe. Kufagia na kufua, vyote tumwondolee. Tukamnunulia kiti kipana chenye mito, tukakiweka mahali anapoona mlango na televisheni, na tangu siku hiyo neno letu kwake likawa moja: "Kaa tu, mama, utaanguka."

Baada ya miezi miwili alikuwa hawezi kuinuka kwenye kiti kile bila kuvutwa mkono. Wiki chache baadaye akaanguka tena, safari hii mchana kweupe, hatua mbili kutoka kwenye kiti chenyewe, alipogeuka kumwitikia mtu aliyemwita.

Jambo hilo limenikaa moyoni muda mrefu, na nimesoma mengi tangu wakati huo nikitafuta tulikosea wapi. Nilichokielewa ndicho ninachokiandika hapa, na nakiandika bila kuuma maneno kwa sababu naona familia nyingine zikifanya vilevile kila siku, kwa nia njema ileile: kumkalisha mzee ili asianguke ni njia mojawapo ya kumwangusha.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na waliozidi miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Miongoni mwa majeraha yasiyokusudiwa, ni ajali za barabarani pekee zinazoua watu wengi zaidi ya hapo. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kila mwaka tena, watu wapatao milioni 37.3 huanguka vibaya kiasi cha kuhitaji matibabu. Mzee anapovunjika nyonga, balaa haliishii kwenye mfupa. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba takriban mmoja kati ya watano hufariki kabla mwaka haujaisha, na wengi wa wanaobaki hawarudii tena mwendo waliokuwa nao.

Mwaka 1988 daktari wa Marekani, Mary Tinetti, na wenzake walichapisha utafiti uliowafuata wazee 336 wa miaka 75 na kuendelea, waliokuwa wakiishi majumbani mwao. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 32 walianguka. Lakini hiyo siyo habari kubwa ya utafiti ule. Habari kubwa ni kwamba walioanguka wangeweza kutabiriwa. Mzee asiye na kasoro yoyote kati ya zile zilizopimwa alikuwa na hatari ndogo, na hatari ikazidi kupanda kadiri kasoro zilivyoongezeka: dawa za usingizi au za kutuliza, miguu dhaifu, matatizo ya nyayo, mwendo wa kuyumba, akili iliyoanza kusahau. Maana yake kuanguka si bahati mbaya inayomdondokea mtu kutoka juu. Kuna mambo yanayojenga kuanguka huko polepole, moja juu ya jingine, na mengi kati ya hayo yanaweza kuondolewa.

Bado tunazungumza kana kwamba ni bahati mbaya. "Aliteleza." "Alijikwaa." Na hapa kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila mwenye mzazi mzee aujue. Stephen Robinovitch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, waliweka kamera katika maeneo ya pamoja ya nyumba mbili za kutunzia wazee, wakasubiri. Walinasa matukio 227 ya watu 130 wakianguka kweli, wakayatazama moja baada ya jingine, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kuteleza kulikuwa asilimia 3 tu. Kujikwaa, asilimia 21. Chanzo kikubwa kuliko vyote, asilimia 41, kilikuwa kile ambacho sisi hatuna hata jina lake la kila siku: mtu kuuhamisha vibaya uzito wa mwili wake mwenyewe. Anageuka, anajiinamisha, ananyoosha mkono kufikia kitu, anaanza kukaa kabla kiti hakijafika nyuma ya magoti, na uzito unatangulia mahali ambapo mguu haujafika. Asilimia 12 ya maanguko yale yalitokea mtu akiwa anaketi, na asilimia 13 akiwa amesimama tu.

Wazee wale walikuwa wadhaifu kuliko wengi wanaoishi nyumbani, na kamera hazikuingia bafuni wala vyumbani, kwa hiyo nisikuze kuliko inavyostahili. Hata hivyo, tangu nilipousoma nimeacha kuitazama sakafu peke yake. Mama mkubwa hakuangushwa na sakafu ile mara ya pili. Sakafu ilikuwa kavu. Aliangushwa na kugeuka.

Kusimama wima ni kazi, ingawa tukiwa vijana hatuioni kuwa kazi. Macho yanapeleka taarifa za mahali ulipo. Sikio la ndani linapeleka taarifa za kichwa kilivyoinama. Nyayo na vifundo vya miguu vinahisi ardhi. Ubongo unazipokea hizo zote na kutuma amri kwenye misuli, na misuli inajibu kabla hujajua kwamba uliyumba. Uzee hupunguza kidogo kila mahali: macho yanafifia, nyayo zinaingia ganzi, hasa kwa mwenye kisukari, amri zinachelewa, mapaja yanapungua nyama. Upungufu mmoja mwili huufidia kwa viungo vingine. Kasoro zikiwa tatu au nne, mzee bado anaweza kutembea vizuri chumbani mwake mchana, lakini akibanwa na haja usiku, taa imezimwa na amekurupuka usingizini, akiba imekwisha.

Sasa mkalishe mtu huyo kwenye kiti kwa miezi miwili uone anachopoteza. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo ambamo wazee wenye afya njema walikubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Walipoteza kwa wastani karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku kumi, tena walikuwa wazima wa afya. Kiti si kitanda, nakubali, lakini mwelekeo ni uleule. Msuli wa paja usioombwa kazi hujipunguza wenyewe, na msuli huo ndio unaokuinua kutoka kwenye kiti na ndio unaokudaka unapokosea hatua.

Pamoja na msuli huondoka kitu kingine kigumu zaidi kukirudisha. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzee aliyeanguka mara moja huanza kutembea kwa kuogopa: hatua fupi, miguu ya kuburuta, mwili uliokakamaa, macho chini, mkono ukipapasa ukuta. Mwendo huo wa hofu wenyewe ni mwendo wa kuanguka. Sisi, badala ya kumpunguzia hofu, tunamwongezea kwa kumkumbusha kila anaponyanyuka kwamba ataanguka. Nikifikiria mara ngapi nilimwambia mama mkubwa neno hilo kwa siku, naona uchungu. Nilikuwa namfundisha mwili wake kutojiamini.

Yapo mahali ambapo hulka hii ya kumzuia mzee imefika mbali zaidi, hadi kumfunga kwenye kiti au kuinua vyuma vya kitanda pande zote asishuke. Haijathibitika kwamba kufunga hupunguza maanguko, na vyuma vya kitanda vinaweza kuongeza madhara, kwa kuwa mzee aliyechanganyikiwa huvipanda na kuanguka kutoka juu zaidi, au hukwama katikati yake. Nalitaja hili kwa kifupi kwa sababu sidhani linahitaji mjadala mrefu.

Kinachosaidia kinajulikana vizuri kuliko watu wanavyodhani, nacho ni kinyume cha kiti: mazoezi. Ila si mazoezi yoyote. Uchambuzi mkubwa ulioongozwa na Catherine Sherrington wa Australia, uliochapishwa mwaka 2019 na kukusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000 kutoka nchi 25, ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya maanguko kwa asilimia 23 kwa wazee wanaoishi majumbani. Yaliyofanya kazi hiyo ni yale yanayoupa mwili mtihani wa kujisawazisha: kusimama miguu ikiwa imekaribiana, kusimama kwa mguu mmoja, kutembea mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine kama anayefuata mstari, kuinuka na kuketi bila mikono. Tai chi, ile michezo ya polepole ya Kichina ambayo yote ni kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, nayo ilisaidia. Kutembea peke yake hakujaonyesha faida ya uhakika katika jambo hili. Mzee anayezunguka uani kila jioni anafanya vema kwa moyo wake, lakini hajaufundisha mwili wake kudaka uzito.

Napenda sana habari ya mpango wa Otago, kutoka New Zealand, kwa sababu haukuhitaji jengo wala mashine. John Campbell, Clare Robertson na wenzao wa Chuo Kikuu cha Otago waliuanzisha miaka ya 1990. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, au muuguzi aliyefundishwa, anamtembelea mzee nyumbani mara chache, anampima, anamwonyesha mazoezi machache ya nguvu za miguu na ya kujisawazisha, anamfungia vizito vidogo vya kifundoni, kisha kila anaporudi anamwongezea ugumu. Mzee anafanya mwenyewe mara tatu kwa wiki, kama nusu saa, na kutembea siku nyingine. Majaribio yalipojumlishwa, watu zaidi ya 1,000 wa miaka 65 hadi 97, maanguko yalipungua kwa asilimia 35. Soma tena umri huo wa juu: miaka 97. Kauli kwamba "huyu sasa kazeeka, mwili haushiki mazoezi" haina mguu wa kusimamia.

Na kwa asiyependa neno mazoezi, wapo waliofikiria hilo pia. Lindy Clemson na wenzake, Sydney, walichapisha mwaka 2012 jaribio la wazee 317 wa miaka 70 na kuendelea waliokwisha kuanguka. Badala ya kuwapangia saa ya mazoezi, waliwafundisha kuyaingiza katika shughuli za nyumbani. Unaposwaki, simama kwa mguu mmoja huku mkono u karibu na sinki. Ukitaka kuokota kitu, piga magoti badala ya kuinamisha kiuno. Unapofunga droo iliyo pembeni, hamishia uzito upande ule polepole, uurudishe. Maanguko yalipungua kwa asilimia 31 ukilinganisha na kundi lililopewa mazoezi mepesi tu.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kosa letu. Kufagia, kuchota maji, kupanga vyombo kabatini, kuinuka kumfungulia mgeni mlango: kazi zile tulizomnyang'anya mama mkubwa kwa upendo ndizo zilizokuwa mazoezi yake.

Kuna jambo la pili, ambalo halihitaji jasho bali ujasiri wa kumuuliza daktari: dawa. Dawa za usingizi, za kutuliza wasiwasi, baadhi ya dawa za sonona, dawa za presha zikizidi kipimo, na zile za kisukari zinazoshusha sukari kupita kiasi, zote zinaweza kumlegeza mzee. Campbell na wenzake wa Otago walifanya jaribio la kipekee, lililochapishwa mwaka 1999. Wazee 93 waliokuwa wakitumia dawa za usingizi na nyingine za akili waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapunguziwa dozi kidogokidogo hadi sifuri bila wenyewe kujua ni lipi. Maanguko katika kundi hilo yalishuka kwa asilimia 66. Ni vigumu kupata kingine chochote chenye nguvu hiyo. Lakini mwezi mmoja baada ya jaribio kwisha, karibu nusu ya walioachishwa walikuwa wamerudia dawa zao. Usingizi wa mzee una mashimo mengi, na kidonge ni rafiki aliyezoeleka. Siwalaumu. Nasema tu kwamba kumuachisha mtu dawa ni kazi ya kusindikizana naye, wala si ya kukata ghafla, na asithubutu mwanafamilia yeyote kuzitoa dawa mezani kwa uamuzi wake mwenyewe. Dawa za aina hii zikikatwa ghafla zinaweza kuleta madhara makubwa.

Presha nayo ina hila yake. Mzee anaweza kupimwa akiwa ameketi, ikaonekana nzuri kabisa, halafu anaposimama ikaporomoka. Madaktari huhesabu kuwa imeporomoka ikiwa namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika tatu za kusimama. Mzee mwenyewe husema tu kwamba "kizunguzungu kilinijia nikatulia." Kwa hiyo omba apimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Ni dakika tano. Mama mkubwa alikuwa amehudhuria kliniki miaka mingi kabla mtu yeyote hajampima hivyo, na alipopimwa ilishuka. Usiku ule wa kwanza, nadhani, ndivyo ilivyokuwa: amelala, amekurupuka, damu imebaki miguuni. Siku hizi anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, anavicheza vifundo vya miguu mara kumi, ndipo anasimama, na anasubiri kidogo kabla ya hatua ya kwanza.

Juu ya nyumba nitasema machache, si kwa kuwa haina maana bali kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo tayari watu wanaikumbuka. New Zealand, mkoa wa Taranaki, Michael Keall na wenzake walizifanyia nyumba marekebisho madogo, wakafunga vyuma vya kushikia bafuni na reli kwenye ngazi, wakaongeza taa za nje, wakaweka alama kwenye kingo za vidato. Majeraha ya kuanguka nyumbani yalipungua kwa asilimia 26, kama walivyoripoti mwaka 2015. Ukiwa na fedha kidogo, anza na njia ya usiku kutoka kitandani hadi msalani. Iwe na mwanga, isiwe na zulia lililokunjika wala waya, na kiwepo cha kushikia mahali pa kuketi na kuinuka. Viatu viwe vya kuziba kisigino. Ndala iliyolegea ni mtego.

Macho yana mshangao wake. Kuondoa mtoto wa jicho katika jicho la kwanza, katika jaribio la wanawake 306 wa zaidi ya miaka 70 lililofanyika Nottingham, Uingereza, kulipunguza maanguko kwa asilimia 34. Lakini miwani mipya si lazima iwe salama siku ya kwanza, hasa ile yenye sehemu mbili, ya juu ya kuonea mbali na ya chini ya kusomea. Mwenye miwani hiyo akitazama kidato cha ngazi anakiona kupitia kioo cha kusomea, kwa hiyo hakioni pale kilipo. Kwa mzee anayetoka sana nje, miwani ya kuonea mbali tu inafaa zaidi barabarani.

Na vitamini D, ambayo watu huuliziana sana: kwa mzee anayeishi nyumbani asiye na upungufu, kumeza vidonge hivyo ili asianguke hakujaonyesha faida. Kuna hata jaribio la Australia, mwaka 2010, ambapo wanawake zaidi ya 2,200 wa miaka 70 na kuendelea walishiriki, na waliopewa dozi moja kubwa mno kila mwaka walianguka na kuvunjika zaidi ya waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Mwenye upungufu atibiwe upungufu wake. Zaidi ya hapo, kidonge hakitabeba kazi ya mapaja.

Itakuwa si haki nikiishia kwenye ushindi. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili makubwa kuliko yote yaliyotangulia ya aina yake, moja la Marekani lenye wazee 5,451, jingine la Uingereza lenye wazee zaidi ya 9,800. La Marekani liliwapa wauguzi kazi ya kumpima mzee, kumpangia mpango na kumsindikiza. La Uingereza liliwapelekea wazee dodoso kwa posta, na walioonekana kuwa hatarini wakaelekezwa kwenye mazoezi au uchunguzi kamili. Matumaini yalikuwa makubwa. Majeraha makubwa katika la kwanza, na mifupa iliyovunjika katika la pili, havikupungua kwa kiwango cha kuthibitika.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema basi hakuna la kufanya. Mimi nayasoma tofauti. Katika jaribio la Tinetti la mwaka 1994, lililofanikiwa kushusha idadi ya walioanguka kutoka asilimia 47 hadi 35, wauguzi na wataalamu walikwenda nyumbani kwa mzee wakarekebisha dawa, wakasimamia mazoezi, wakarudi tena. Katika haya makubwa, mambo mengi yalipita kwenye mikono mingi: rufaa hapa, ushauri pale, mzee akiachiwa kwenda mwenyewe au asiende. Kati ya kumwambia mtu afanye zoezi na kusimama naye siku ya kwanza, ya pili na ya ishirini anapolifanya kuna umbali mkubwa, na dodoso la posta halina miguu ya kuuvuka. Pia kuvunjika mfupa ni tukio adimu kuliko kuanguka, na kulipunguza kwa watu wote ni mlima mrefu zaidi. Kwangu majaribio hayo yanasema kwamba mifumo ya afya peke yake, kwa namna inavyofanya kazi sasa, haitafika. Mtu aliye karibu na mzee kila siku ndiye anayeweza kufika. Yaani wewe na mimi, ambao mpaka sasa tumekuwa tukimwambia akae.

Ili umsaidie, ni lazima kwanza akuambie ukweli, na wazee hawasemi. Mama mkubwa, tulikuja kugundua, alikuwa ameanguka mara mbili kabla ya ule usiku tunaouita wa kwanza. Alificha. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa utulivu: "Mwanangu, ningewaambia mngenikalisha." Alikuwa sahihi, na sikuwa na neno la kumrudishia. Mzee anajua kwamba akikiri ameanguka atanyang'anywa kisu, ngazi, safari, na mwishowe nyumba yake. Anayetaka aambiwe ukweli aanze kwa kuonyesha kwamba ukweli hautageuzwa adhabu.

Hata namna ya kuuliza ina uzito. Ukiuliza "Umeanguka?" utaambiwa hapana. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unapendekeza maswali matatu: umeanguka katika mwaka uliopita? Unapotembea au kusimama unahisi kutokuwa imara? Unaogopa kuanguka? La pili na la tatu hufungua mlango ambao la kwanza limeufunga. Na yapo ambayo macho yako yanaweza kuona bila kuuliza. Tazama ukuta wa kupitia chumbani kwake. Kwa mama mkubwa palikuwa na mstari wa weusiweusi kwenye rangi, kimo cha bega, kutoka kitandani hadi kwenye mlango, na mlangoni palikuwa na alama kamili ya kiganja, imekolea. Tuliupita mstari huo kila siku tukidhani ni uchafu. Ulikuwa umeandikwa na mkono wa mtu asiyeiamini tena miguu yake, miezi mingi kabla hatujapigiana simu.

Kuna kingine: tembea naye huku mkizungumza. Watafiti wa Sweden, mwaka 1997, waliwachunguza wazee 58 wa nyumba ya kutunzia wazee, wakaona kwamba 12 walikuwa wakisimama kila walipoanzishiwa mazungumzo njiani. Kumi kati ya hao 12 walianguka ndani ya miezi sita. Mtu ambaye kutembea kwake kumekuwa kazi ya kufikiria hana nafasi ya kufikiria jingine. Mama mkubwa alikuwa akisimama. Tulisema ni heshima yake, anapenda kukutazama usoni anapoongea.

Limebaki moja, nalo husahaulika hata na wanaofanya mengine yote: kuinuka kutoka chini. Uchunguzi uliofanyika Cambridge, Uingereza, kwa watu wa zaidi ya miaka 90, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba asilimia 80 ya walioanguka walishindwa kuinuka wenyewe angalau mara moja, na asilimia 30 walilala sakafuni saa nzima au zaidi. Wengi walikuwa na vifaa vya kuitia msaada na hawakuvitumia. Kulala chini muda mrefu kuna madhara yake peke yake, hata kama hakuna mfupa uliovunjika: mwili unapoa, maji yanapungua, ngozi inachubuka kwa kubanwa, misuli iliyogandamizwa inaharibika na kuzielemea figo.

Kuinuka kunafundishika. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuja kwa mama mkubwa alitandika blanketi chini, akamshusha taratibu, akamfundisha hatua kwa hatua. Kwanza tulia, pumua, jikague kama kuna maumivu makali, na kama yapo usijiinue, ita mtu. Kama hayapo, jigeuze ubavu. Jisukume kwa kiwiko, kisha kwa viganja, uingie kwenye magoti na mikono kama mtoto anayetambaa. Tambaa hadi kwenye kiti kizito kisichosogea. Weka mikono juu yake, leta mbele mguu ulio na nguvu zaidi, ukanyage, jisukume, geuka polepole, keti.

Siku ya kwanza ilimchukua karibu robo saa, akapumzika mara tatu, na mimi nilikuwa nimepiga goti nyuma yake mikono imenyooka bila kumgusa, maana niliambiwa nisimguse. Siku hizi anafanya kila Jumatatu, asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa kutumia kiti kilekile kipana tulichomnunulia akae. Tumekitoa mito, kwa sababu mito ilikuwa ikimzamisha. Mazoezi ya sinki anafanya mwenyewe. Kufagia alidai mwenyewe, akarudishiwa.